Imla ya Darasa la Pili

Jumanne, baada ya mapumziko, niliwasomea maneno kumi.
Mti. Mtu. Mkate. Mkono. Mchele…
Nilisema polepole, nikipita baina ya madawati,
na penseli sitini na tatu zikakwaruza pamoja
kama kaa wanaokimbilia mashimoni.

Usiku, taa ya sola ikianza kufifia,
nikafungua daftari la Mize Shaame, lenye jalada la gazeti
na harufu ya karafuu, maana mikono yake
huchambua kwanza, ndipo ishike penseli.
*Nti*, kaandika. *Ntu. Nkate. Nkono. Nchele.*
Herufi zimenyooka, zimekaa juu ya mstari
kama watoto wa chuoni walioambiwa mgeni anakuja.
Kumi kwa kumi angepata,
lau ningekuwa nasahihisha kwa sikio.

Kalamu nyekundu ikasita.
Mama yangu, kule Kiuyu Minungwini,
hajapata kukata mkate hata siku moja.
Yeye hukata nkate.
Na mimi, miaka hiyo, Mwalimu Mbarouk alinichapa
viboko viwili vya mpera,
kimoja cha ntu, kimoja cha nti.
Nikarudi nyumbani kiganja kimevimba,
mama akauliza: "Nkono huo una nini?"

Asubuhi Mize hakuogopa:
"Mwalimu, huu ulioko uwanjani ni nti.
Huo mti uko wapi?"
Darasa likanyamaza, na mimi nikanyamaza nalo.
Uko kitabuni, nikasema mwishowe,
na kitabu hicho anakisoma mtoto wa Tanga,
anakisoma na wa Mwanza, ambaye hajawahi kutuona.
Wa kwenu usiukate. Panda na huu.
Haya, fumbeni midomo. *Mmm.*
Kama mliolamba asali.
Skuli nzima ikavuma hadi kwenye bati,
mwalimu wa darasa la nne akaja kuchungulia dirishani.

Alhamisi, imla nyingine.
*Mti*, kaandika Mize. *Mtu. Mkate.*
Kila m imesimama kwa miguu yake mitatu.
Nikafurahi, nikageuza ukurasa:

*mdizi*
*mdege*
*mdoo*
*mdugu yangu*

Nilicheka peke yangu mpaka paka akahama mkeka.
Kisha kicheko kikanikwama.
Mtoto kanisikia, kanisikia kupita nilivyokusudia:
kila n aliyotoka nayo kwao
kaiona kosa, kaifumba mdomo.

Nimeiweka kalamu nyekundu chini ya sahani.
Natafuta penseli, natafuta na kifutio.
Jumatatu tutaanza na ndizi.
Nitamwomba mama nkungu mmoja;
tule kwanza,
ndipo tuandike.