Pua ya Nyaguthii

Miaka tisa nilipokea maziwa pale Kiptangwanyi
kabla jua halijagusa bati la kibanda.
Sikuwa na mashine. Nilikuwa na pua.
Nilifunua mkebe, nikainama, nikavuta pumzi moja,
nikajua: haya ya jana yamechanganywa na ya leo,
haya yametiwa maji ya mtaro,
huyu ng'ombe kala majani ya vitunguu,
huyu anaumwa kiwele na mwenyewe hana habari.
"Rudisha," nilisema, na mtu akarudisha.
Hakuna aliyebishana na pua ya Nyaguthii.

Kovu la shavuni najua lilikotoka.
Mwaka tuliokimbia tulilala chini ya mwamba,
watoto katikati, sisi wazima ukingoni.
Pimbi walituchungulia kutoka kwenye nyufa
kama wenye nyumba wakiwatazama wapangaji wasiolipa.
Mbu hukupigia hodi sikioni.
Usubi hapigi.
Aliniuma, nikajikuna, nikalala.
Kidonda kikaota, kikakaa msimu mzima wa mahindi,
kikakauka, kikaacha alama ya ukubwa wa shilingi.
Nikasema kimekwisha.
Kumbe kilikuwa kinahama.

Kilirudi kama mafua yaliyokataa kuaga.
Kisha damu kwenye leso, kisha magamba.
Nikaambiwa ni vumbi. Nikaambiwa ni baridi ya Gilgil.
Mama mkwe alisema mengine, hayo siyaandiki.
Nilijifukiza mkaratusi mpaka macho yakavimba.
Asubuhi moja nilikunywa uji, ukatokea puani.
Mwanangu Gathogo akacheka, akidhani ni mchezo,
nami nikacheka naye.
Kisha nikaenda nyuma ya zizi,
nikapitisha ulimi juu ya kaakaa:
palikuwa na mlango.

Nakuru, daktari kijana alimulika tochi,
akanyamaza ule unyamavu ambao mgonjwa huuhesabu.
Alikata kinyama kidogo kama ukucha wa mtoto mchanga,
na wiki iliyofuata akaja na jina refu la mdudu.
"Mama, uliwahi kuishi karibu na mapango?"
Mtu kuniuliza nililala wapi mwaka ule!
Hata waliotuandikisha kwa ajili ya mahema hawakuuliza.
Nikalia, akadhani ni maumivu.

Sindano siku ishirini na nane.
Mapaja yakawa magumu kama mbao za kitanda.
Kitanda cha jirani, Chepkwony wa Molo
alinihesabia kwa sauti, kila siku, bila kutumwa,
na nilipofika ishirini na nane alipiga makofi
mpaka muuguzi akamnyamazisha.
Mdudu akafa.
Alichokula hakukirudisha.

Sasa nina kibao cha plastiki kaakaani.
Nikikivua usiku, nikisema "baba", wanasikia "mama",
na Gathogo, ambaye amekua, hacheki tena,
jambo ambalo ndilo linaloniumiza.

Lakini alfajiri niko kibandani.
Bado wanafunua mikebe, wananisogezea.
Nami nainama. Navuta pumzi.
Hakuna kitu. Ni kama kunusa kioo cha dirisha.
Nainua uso, namtazama mtu machoni,
namwacha hapo na dhamiri yake.
Juzi Kibui alistahimili mpaka ndege wakanyamaza.
"Basi, Nyaguthii," akakohoa. "Nimetia maji. Kikombe tu."
"Rudisha," nikasema.
Akarudisha.