Azima

Kijana wa shirika la umeme alikuja Jumanne,
buti zimejaa vumbi la Mkuti, kalamu sikioni,
akauliza kama mimi ndiye mwenye mabetri.

Mimi ndiye. Somoe Nandonde, muuza barafu, Masasi.
Niliyanunua kwa malipo ya pili ya korosho,
mwaka ule wenye bei, wenzangu walipobadili mabati.
Walinicheka: mtu ananunua masanduku
ya kulaza chini ya kitanda!
Sikujibu. Nilikuwa nimeshatupa kilo arobaini za samaki,
mara mbili, ndani ya mwezi mmoja.

“Mama,” akasema huyo Chipila,
“saa moja jioni mji mzima unawasha.
Pasi, feni, runinga, majiko ya stendi,
mashine ya Likwata ya kukoboa isiyojua kulala.
Waya unaotufikia ni mrija mmoja,
na kila mdomo unavuta kwa pamoja.
Ndipo tunakata mtaa mmoja, isizimike yote.
Tunaomba kuazima.
Huo ulio chini ya kitanda, saa mbili hadi saa nne,
na friza zako zinyamaze dakika ishirini.
Tutalipa kila yuniti. Pesa itaingia kwenye simu.”

Nikacheka hadi kitenge kikalegea.
Shirika liniazime mimi!
Mimi niliyengoja nguzo miaka miwili,
nguzo zimekwisha, nyaya zimekwisha, rudi Alhamisi.
Na gesi ya Msimbati, mtoto wa huku huku,
ilipita ndani ya bomba bila hata kupunga mkono.

Sasa Alhamisi imenijia yenyewe, na fomu mkononi.

Kicheko kilipokwisha nikamkumbuka bibi, kule Chiungutwa,
alivyonituma alfajiri na kigae
nikachukue kaa la moto kwa jirani.
Hakuna aliyeandika deni. Hakuna moto uliozimika kwa kutoa kaa.
Ila alinionya: usiombe kwa mtu
ambaye chungu chake hakijachemka.

Basi andika, Chipila.
Betri isishuke chini ya nusu; samaki hawajui habari za mji.
Usiku wa kumtoa mwali, hapana.
Na Februari, mawingu yakilala siku tatu juu ya majabali,
paneli zikishinda njaa, msiniguse.
Nataka na swichi ya kukataa. Iwe nyekundu.
Iwe upande wangu wa ukuta.
Aliandika. Mengine aliyaandika pembeni,
fomu haikuwa na nafasi yake.

Wakapigilia kisanduku cha kijivu chenye jicho la kijani.
Mama mkwe akakitazama: hiyo azima kakufungia mganga gani?
Nikasema, azima kweli, mama,
lakini haizuii husuda. Inazuia giza,
tena giza la watu wengine.

Usiku wa kwanza nilikaa kwenye kigoda
nikikilinda kama kuku aliyeingia uwanja usio wake.
Saa mbili na dakika nne jicho likageuka rangi ya chungwa.
Friza zikanyamaza. Nikasikia tone likidondoka,
nikasikia paka juu ya bati.
Nikafungua mlango: mtaa wa pili unawaka,
kwa Likwata kunaunguruma,
na mtoto wa Asumini anasoma jedwali la saba kwa sauti.
Asumini, ambaye hatusemeshani tangu msiba wa Aprili.

Simu ikatetemeka. Shilingi mia nane na sitini.

Asubuhi Asumini alipita na ndoo, macho chini.
Hajui. Umeme hauna alama ya sikio kama mbuzi,
huwezi kujua ulilala kwa nani.
Nikampimia barafu, nikazidisha kipande,
naye akakiona, akakaa nacho kimya.

Chipila anasema tumefika kumi na saba,
na kwamba kwa pamoja sisi ni mtambo.
Mtambo! Hauna moshi, hauna mlinzi wala geti,
na nusu yake umelala chini ya kitanda changu.
Swichi nyekundu sijaibonyeza bado.
Naifuta vumbi tu, kila Ijumaa.