Kinga, Mwezi wa Nne

Mimi ni Mkinga, na kinga sina.
Nilimwambia hivyo nesi wa Mwanjelwa,
akacheka mpaka kalamu ikamdondoka,
kisha akaandika: Vaileti Chaula, miaka sitini na mmoja,
pumu, muuza mablanketi.
Akauliza kama nakula mayai.
Nikasema, nikiyapata.

Nilikuja kununua kama ninavyonunua siku zote:
kushika, kugeuza, kuuliza bei, kujifanya naondoka.
Akatoa vikasha viwili kwenye friji.
Hiki kimebaki tangu Novemba, akasema,
kilitungwa kwa watu ambao baridi yao huja na Krismasi.
Bei imeshuka.
Hiki kimefika juzi, cha upande wetu wa dunia,
ambako Krismasi ni matope na mahindi ya magotini
na baridi ni Juni.
Mbona visilingane?
Kirusi, akasema, hubadili shati kila mwaka.

Hapo nikaelewa, hata asingeendelea.
Nani kwetu hurudia mbegu ileile ya viazi msimu wa nne
asivune mnyauko?
Nikachukua cha bei kubwa.
Mablanketi mawili, daraja la pili, yakaenda hivyo.

Siku ndiyo tuliyobishania.
Aprili hii mvua bado ipo, jua la saa sita linachoma,
wenzangu sokoni wamevaa ndala.
Si nije Julai, ikishaanza?
Akaniangalia kama ninavyowaangalia wateja
wanaonijia usiku wa kipupwe, meno yanagongana,
wakitaka punguzo.
Mwili unahitaji wiki mbili kuisoma sindano, akasema.
Ukija Julai, mwalimu utamkuta,
mtihani umekwisha.

Habari za Obadia sikumwambia.
Au nilimwambia, kidogo:
kwamba mume wangu alipanda Bulongwa Julai iliyopita
kumwona mama yake,
na kwenye simu akasema mafua, mafua tu,
na mimi nikaliamini lile *tu*.
Siku ya sita majembe yaligonga ardhi
iliyolala na umande ulioganda.
Sijui kama sindano ingemwokoa.
Nesi naye hakudai.
Haizuii kila mafua, alisema, hupunguza makali.
Nilimpenda kwa hilo.

Nikafunua bega.
Ilikuwa fupi kuliko maelezo yake.

Nikifunga vifungo nikauliza:
naweza kumpelekea mama mkwe? Ana miaka themanini na tisa,
hashuki mlima kwa ajili ya mtu.
Hapana. Dawa hii haipandi basi ndani ya kikapu.
Inataka baridi,
nyuzi mbili mpaka nane, usiku na mchana.

Nyuzi mbili mpaka nane.
Hiyo ni asubuhi ya Bulongwa, mlango ukifunguliwa.
Hiyo ni hewa aliyoivuta Obadia mara ya mwisho.
Kumbe dawa inaishi humohumo,
na baridi ikizidi, ikaganda
kama umande juu ya majani ya pareto,
nayo hufa.

Nimerudi kibandani. Bega linauma kama la aliyebeba maji.
Wahenga waliposema kinga na kinga ndipo moto uwakapo
walisema vijinga vya jikoni, najua,
lakini leo nausikia vibaya ule msemo,
nausikia ninavyotaka.
Nesi ameniandikia namba: hospitali ya huko ina friji,
mwenye pikipiki hubeba deli la barafu Jumanne.

Nikampigia mama.
Nikaeleza yote, vikasha, majira, wiki mbili.
Akasikiliza bila kunikata, jambo ambalo si kawaida yake.
Inauma?
Kidogo, mama.
Nikasikia akisogeza kuni.
Na Obadia, akauliza, yeye alichomwa?

Salio lilikuwepo.
Mtandao ulikuwepo.
Mteja alishika blanketi la kijivu, akaligeuza,
akauliza bei mara mbili.