Kitone Chekundu

Mkataba ulisema: kubadilishana.
Neno lenyewe lilichapwa kwa wino mnene,
Mbeya upande huu, Bergen upande ule,
miji miwili ya mvua na milima,
na katikati bendera ndogo za mezani.

Wao walileta printa inayochapa vitu vizima,
kompyuta sita, na kijana wa kutufundisha
kuchora jino la gia kwa kipanya.
Sisi tulileta tabasamu kwenye picha ya pamoja.
Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani.
Niliona aibu fulani, nikashindwa kuitafsiri.

Mwezi wa nne sanduku likafika posta.
Ushuru wake tulichangishana siku tatu.
Ndani, imeviringishwa blanketi la mtoto,
redio ya mbao, nzito kama debe la viazi,
na barua ya mama mmoja, Torunn:
"Ilikuwa ya baba. Huku kwetu mafundi wamekwisha.
Dukani wananiambia, nunua nyingine.
Nimesikia kwenu hakuna anayesema hivyo."

Nikaibeba hadi Mwanjelwa,
kwa Ambokile Mwaipaja,
aliyeanza kazi kabla soko halijaungua,
ambaye kibao chake F imeng'oka,
kimebaki UNDI, na wateja hawapotei.

Alipuliza vumbi kwa adabu.
Vumbi la Bergen likatua juu ya vumbi letu
na hakuna aliyetia saini.

"Taa mbili zimekufa," akasema.
"Lakini tazama hii lehemu.
Aliyeichomea hakuwa fundi.
Alikuwa na mkono mzito, na aliipenda."

Taa ya kwanza ilipatikana kwa misheni, Rungwe.
Ya pili, kwa mjane wa Uyole
aliyekuwa ameigeuza pambo la kabati.
Ikabaki gia ya kusukumia sindano, imekatika meno.
"Si mmeletewa mashine? Haya, ichape."

Nikachora. Ikakataa.
Nikachora tena, ikayeyuka kama mshumaa.
Mara ya tano ikakaa,
plastiki ya kijani kibichi
ndani ya mbao za baba wa watu.

Kioo chake kilikuwa na orodha ya miji:
Oslo, Paris, Roma, Sofia.
Nilipitisha kidole nikilitafuta jina letu.
Nilijua halipo.
Nilitafuta tu.

Alipoiwasha, ilinyamaza kwanza,
ikajipasha moto kama mgeni aliyeamshwa alfajiri,
ikakohoa, kisha ikatangaza
bei ya gunia la viazi Isyonje
na msiba wa mtu wa Iwambi.
Wauza mitumba wakasogea, mmoja akavua kofia.

Ambokile akaazima rangi ya kucha
kwa binti wa saluni ya jirani,
akatia kitone kati ya Roma na Sofia.
"Hapo ndipo tulipo," akasema. "Mwambie."

Gharama ya kuirudisha ilizidi bei ya redio.
Ofisini wakasema printa ina fungu,
redio haina.
Tukachangishana tena, safari hii hadi yule wa saluni.

Torunn alijibu wiki ya saba.
Imefika. Mvua inanyesha.
Stesheni za mjini kwake zilishahamia mitambo mipya,
redio haina cha kushika.
Ila kila jioni anaisogeza sindano
mpaka kwenye kitone chekundu
na kusikiliza mvumo uliopo pale,
mrefu, mtupu,
"kama watu wengi waliokaribia kusema."

Nikamtafsiria Ambokile, neno kwa neno.
Alikuwa ameubana waya kwa meno.
Akautoa, akafikiri kidogo.

"Mwambie asizime mapema.
Bado inapasha moto."