Daraja la Jani

Mteuzi wa tumbaku hana maneno mengi.
Anashika jani, analinusa, analikunja,
anaandika herufi na namba kwenye tiketi,
na mwaka wangu mzima
(kitalu cha Agosti, ndoo kichwani alfajiri na jioni,
kuni za bani zilizomaliza msitu wa babu)
unaingia humo, unatosha.
Sibishani. Kwenye mzani kuna foleni.

Kwa hiyo nilipoketi mbele yako, daktari,
chumba namba saba, Tabora mjini,
nikaona kalamu yako inatafuta herufi,
nilikufahamu kabla hujanifahamu.

Uliniuliza: Unasikia sauti?
Nikasema ndiyo.
Ukaweka vema.
Hukuuliza ya nani.
Hukuuliza inasema nini,
wala kama ni Kinyamwezi au Kiswahili.

Ni Mlekwa, mwanangu wa pili.
Alilala ndani ya bani akichunga moto,
usiku wa nne, majani yameanza kugeuka rangi,
na paa likamwangukia na majani yake.
Anasema: Mayo, moto umepungua.
Basi. Miaka mitatu, sentensi moja.
Nami huamka nikaongeza kuni
kwenye bani lisilo na paa.
Hapo ndipo majirani waliponiona.

Usidhani nimekuja kuzitukana dawa.
Sindano yako ilinipa usingizi,
wiki tatu nililala kama gunia,
nakushukuru.
Kisha ulimi ukawa mzito, mikono ikatetemeka,
nikashindwa hata kushona majani kwenye fito,
na Mlekwa hakuondoka.
Alinong'ona tu,
kama mtoto anayeogopa kumwamsha mgeni.

Na mganga wa kule Kaliua?
Huyo alinifunga mnyororo mguuni siku tisa,
akadai mbuzi wawili.
Kovu hili hapa. Naye hakuuliza.

Ulisema kichwani kuna maji fulani hayajakaa sawa.
Huenda. Mimi nimeishia darasa la tano.
Ila kitabu cha chama cha msingi nacho hakijakaa sawa:
deni la mbolea ya mwaka ule wa moto
bado limeandikwa jina la Mlekwa,
na karani akija hulisoma mlangoni, kwa sauti.
Sauti hiyo kijiji kizima kinaisikia.
Yeye hajaandikiwa vidonge.

Aliyeuliza ni Nshoma, jirani yangu, mrina asali.
Alikuja na unga kibaba na mwiko wake mwenyewe,
akasonga, tukala, akanyamaza,
ndipo akasema: Kwani anakwambiaje?
Nikamwambia.
Hakuandika popote.
Nshoma ubongo haujui, anajua mizinga.
Anasema nyuki wakichachamaa
huulizi wana ugonjwa gani,
unauliza nani kapita hapa na moto.

Usiku ule alilala kwangu. Kesho yake Kabula,
kesho kutwa mama yake Kabula, na mikohozi yake.
Walipeana zamu bila kuitisha kikao.
Mlekwa akisema, mimi nasema, wao wanaitika:
Mwambie tumechochea. Mwambie apumzike kidogo.
Mwezi wa sita tukalibomoa bani,
tofali kwa tofali, tukaimba tulichokikumbuka,
tofali nyingine zilikuwa bado nyeusi upande mmoja.
Nshoma kajengea jiko.
Karani alikuja; akakuta wanawake kumi na moja mlangoni.
Akasoma kimyakimya, akaondoka.
Deni halijafutwa. Sikudanganyi.

Kidonge cha jioni bado nameza,
nusu, tulivyokubaliana na Sista Getruda.
Wala sijapona, kama kupona ni kutosikia.
Mtoto nimemzaa mimi, nitaachaje kumsikia?

Tarehe kumi na nne narudi kliniki.
Kadi yangu ina herufi moja na namba mbili,
najua daraja langu, na bei yake nje ya geti lako.
Iache tu, foleni ni ndefu.
Lakini juzi, kabla ya jogoo,
Mlekwa alisema neno jipya.
Nshoma analo.
Wewe ukilitaka,
weka kalamu chini, vuta kiti.