Mgongo wa Visvaldis

Siku mbili alikuwa juu ya paa, bila shati, ovaroli tu,
akibandua vigae vya mbao vilivyooza, akipigilia vipya,
na mimi upande wangu wa nyumba nikihesabu nyundo
kama mtu anayehesabu deni la mwenziwe.

Huku Latgale jua la Juni halina haraka ya kulala.
Miezi na miezi hulioni; likija, watu hulivulia nguo
kama mgeni aliyeleta barua.
Halichomi, husema, lina ubaridi wa ziwa.
Linachoma. Linachoma kimya, kama mtu mpole.

Tuliachana miaka sita iliyopita. Nyumba ikagoma kugawika.
Korti ikagawa: kwake jiko la kuni, kwangu kisima.
Katikati ya sebule tukapiga ukuta wa mbao,
mwembamba, kikohozi hupita bila kubisha hodi.

Usiku ule hakikupita kikohozi.
Kitanda kililia. Kikanyamaza. Kikalia.
Kisha mtu akavuta hewa kwa meno,
nikajua shuka limegeuka msasa.

Saa tano na ushei, nje bado kweupe.
Nikachukua ndoo, nikachukua bakuli la mtindi,
nikazunguka nyumba nzima kwa miguu mitupu
kufika hatua nne kutoka nilipokuwa.

"Ni Skaidrite."
"Nani mwingine?"
Akafungua, akanipa mgongo. Hakuwa na kingine cha kunipa.

Ulikuwa wa rangi ya bitiruti,
na mikanda ya ovaroli imeacha msalaba mweupe
kama utepe juu ya kifurushi.
Mabegani, mkono wake ulipofika, alikuwa amejipaka
mafuta ya bata bukini, dawa ya marehemu mama yake,
yakafungia joto ndani kama kifuniko cha sufuria.
Mtu hujikuna ajipatapo.
Kati ya bega na bega hapakuwa na mtu.

Nikayaosha yale mafuta kwa sabuni laini, polepole.
Akaomba barafu. Nikamkatalia:
ngozi iliyoungua haitaki kuadhibiwa mara ya pili.
Maji ya kisima yanatosha, na kitambaa cha kitani,
nusu ya kile cha meza ambacho korti haikukiona.
Nikalowesha, nikatandika, nikangoja kipate moto,
nikalowesha tena. Mara ngapi sijui.
"Kunywa," nikasema. Akanywa kikombe. "Kingine."

Kisha mtindi, kwa kiganja, bila kusugua.
Akashtuka kama farasi anapoguswa na mvua,
halafu mabega yakashuka, moja, kisha la pili,
na chumba kikanukia asubuhi za zamani
ambazo sikuwa nimeziomba.

Chini ya shingo, lengelenge, dogo kama tone la nta.
Nikalizunguka. "Usilitoboe, hata likiwasha.
Hilo nalo ni paa, linajua kazi yake."
Akacheka, cheko likamuuma, akaliacha katikati.

Nilipofika ubavuni nikaona doa jeusi, kingo zimechanika,
ambalo miaka sita iliyopita halikuwepo,
au lilikuwepo nami sikulitazama.
"Jumatatu unakwenda kwa daktari."
"Ya nini?"
"Kwa sababu wewe huwezi kuliona."
Akanyamaza kwa muda wa mtu anayekubali.

Nikamwachia ndoo. Nikamwambia akipata homa, au kutetemeka,
agonge ukuta. Hakugonga.
Nilijua kwa sababu sikulala.

Siku ya nne alipanda tena, shati la mikono mirefu,
kofia ya majani aliyonunua nani, sijui.
Vigae vyake vilipaswa kuishia ukuta unapopita.
Nyundo ikafika pale. Ikatulia,
kiasi cha mtu kujipangusa jasho.
Kisha nikaisikia juu ya kichwa changu.

Sikutoka nje.
Niliosha bakuli, nikalijaza maziwa,
nikaliweka dirishani yagande.