Kitambaa cha Ukingo

Misimu mitatu ya mvua nimeshona,
sasa imebaki kingo tu.
Kingo tu, nasema, kama mtu anayesema
nimebakiza kilima cha Kadutu, nafika.

Nikalikunja blanketi, nikalitia kwenye mfuko wa unga,
nikapanda nalo sokoni,
maana rangi haichaguliwi kwa kumbukumbu:
kumbukumbu huongeza chumvi hata kwenye buluu.

Mama M'Rubuga akanitandikia nyeusi.
"Haionyeshi uchafu," akasema, "na bei tutaelewana."
Nikaizungusha. Blanketi likageuka tangazo la matanga.
Akaleta ya manjano:
shati la Zihindula, lile la kiwanda cha bia,
likaonekana lina homa ya ini.
Ya mistari ikagombana na kikwembe cha nane Machi,
ikagombana kweli, mpaka nikaamua ugomvi.

Vitambaa hivi vimekwisha kuzoeana:
pazia la nyumba iliyoteremka na udongo,
sare ya Nsimire ya darasa la sita, pamoja na doa la wino,
mfuko wa koti ambalo sisemi lilikuwa la nani.
Kila rangi iliyokuja iliingia kama mkwe mpya
anayehamisha viti.

Mvua ikaanza kupiga mabati.
Mama M'Rubuga akakusanya bidhaa haraka,
akazifunga ndani ya shuka kuukuu, jekundu zamani,
sasa rangi ya maji yanayoshuka mitaro ya Nyamugo.

Nikasema: hilo.
"Hilo? Hilo haliuzwi, mama, hilo ni la kufungia!"
Akacheka mpaka akakalia ndoo.
Halafu akanipasulia nusu,
kwa bei ya karanga na maneno mengi.

Nyumbani nikatupa palipolika,
palipobaki nikapakata mshazari,
kwa sababu kilichokatwa wima hakikubali kona,
na mji huu wenyewe umekatwa mshazari:
uliza magoti yangu.
Pale fundo lilipokaa miaka,
jua halikufika, wekundu bado upo.
Sikupaficha.

Kona ya nne kikaniishia.
Vidole vinne, si zaidi.

Kesho yake nikapanda tena.
Mama M'Rubuga hakuuliza kitu.
Alishika mkasi, akanikatia nyeusi.